Kujenga na kusakinisha maktaba ya GMP kutoka kwenye chanzo chake

GMP ni maktaba ya C ya kufanyia hesabu namba kubwa kupita kiasi. Kwenye Linux ya biti 64, aina ya `long` inaishia kwenye tarakimu 19. GMP inaishia pale kumbukumbu ya kompyuta inapoishia. Ilianza kutolewa mwaka 1991, na mwandishi wake mkuu ni Torbjörn Granlund. Hata kama hujawahi kuiita kwenye programu yako mwenyewe, bila shaka unaitumia, kwa sababu kompaila ya GCC inaitegemea, pamoja na maktaba wenzake MPFR na MPC, inapokokotoa baadhi ya namba wakati wa kujenga programu.

Amri tatu za kawaida, `configure`, `make` na `make install`, zinamalizika ndani ya dakika chache kwenye kompyuta ya kawaida. Kazi kubwa iko kwingine: kuhakikisha maktaba uliyoijenga inakokotoa sawasawa, na kujua kwa uhakika programu yako inachukua nakala ipi inapokimbia. Maktaba ya hesabu iliyojengwa vibaya si lazima ianguke. Yaweza kukupa jibu lenye makosa kimya kimya, ukalibeba hadi kwenye funguo za usimbaji au kwenye tasnifu yako.

Maelezo haya yanatumia toleo 6.3.0, lililotoka Julai 2023, kwenye Linux. Ubuntu inayokimbia ndani ya Windows kupitia WSL inafuata hatua zilezile.

Kwanza jiulize kama unahitaji kujenga

Ukiwa na Debian au Ubuntu na una ruhusa ya `sudo`, amri hii inatosha kwa watu wengi:

```
sudo apt install libgmp-dev
```

Ubuntu 24.04 na Debian 13 tayari zina 6.3.0. Ubuntu 22.04 na Debian 12 zina 6.2.1, nayo haina upungufu wowote kwa kazi za kawaida. Jenga mwenyewe ikiwa uko kwenye seva ya chuo usiyo na ruhusa ya msimamizi, ikiwa unataka nakala moja itakayokimbia kwenye mashine za umri tofauti, ikiwa unatayarisha kifaa chenye prosesa ya ARM, au ikiwa programu fulani inadai toleo jipya kuliko lililopo. Kujifunza pia ni sababu halali, maana GMP inatumia mfumo uleule wa Autoconf unaotumiwa na mamia ya maktaba nyingine za C. Ukiielewa hii, nyingi zitakuwa rahisi.

Vinavyohitajika

Kwenye Debian na Ubuntu:

```
sudo apt install build-essential m4 xz-utils
```

Kwenye Fedora:

```
sudo dnf install gcc gcc-c++ make m4 xz
```

Usiiache `m4`. Hii ni programu ya kuzalisha maandishi kutoka kwenye vifupisho; msimbo wa asembli wa GMP umeandikwa kupitia `m4`, na bila hiyo `configure` inakataa kwa ujumbe `No usable m4 in $PATH or /usr/5bin`. Hili ndilo kosa la kwanza ambalo wengi hukutana nalo.

Chagua pia mahali pa kufanyia kazi. Folda iwe ndani ya nyumba yako kwenye diski ya Linux, na njia yake isiwe na nafasi katikati ya majina. Ukiwa ndani ya folda inayoitwa `Kazi zangu`, `configure` itasimama na kusema `unsafe absolute working directory name`. Flash na diski za nje zenye mfumo wa FAT au exFAT ziepuke: huweza kupachikwa bila ruhusa ya kuendesha programu, na hapo `./configure` inajibu `Permission denied` hata ukibadilisha ruhusa kwa `chmod`.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza ni saa. Kompyuta ya zamani ambayo betri ndogo ya ubao mkuu imekufa huwaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita. `configure` hulinganisha umri wa faili, ikaona faili mpya ni ya zamani kuliko chanzo, ikakataa: `newly created file is older than distributed files!` Andika `date`; kama tarehe si ya leo, irekebishe kwanza. Saa ikirukaruka katikati ya kazi, `make` nayo italalamika `Clock skew detected`, na hapo ni heri kuanza upya kuliko kuamini kilichojengwa.

Kushusha na kuthibitisha

Chanzo kina ukubwa wa takriban MB 2 tu. Shusha faili mbili, chanzo na sahihi yake, pamoja na funguo za umma za mradi wa GNU:

```
mkdir -p ~/chanzo && cd ~/chanzo
wget https://ftp.gnu.org/gnu/gmp/gmp-6.3.0.tar.xz
wget https://ftp.gnu.org/gnu/gmp/gmp-6.3.0.tar.xz.sig
wget https://ftp.gnu.org/gnu/gnu-keyring.gpg
gpg --verify --keyring ./gnu-keyring.gpg gmp-6.3.0.tar.xz.sig gmp-6.3.0.tar.xz
```

Unachotafuta ni maneno `Good signature`. Onyo linalofuata, kwamba ufunguo haujathibitishwa na sahihi unayoiamini, ni la kawaida: linamaanisha wewe binafsi hujautia ufunguo huo muhuri. Lakini `BAD signature` ni amri ya kusimama. Mara nyingi chanzo chake ni mtandao uliokatika katikati ya kushusha, basi futa faili na ushushe upya. Ikirudia, usiendelee.

Fungua kifurushi, kisha tengeneza folda ya kujengea iliyo kando ya chanzo:

```
tar xf gmp-6.3.0.tar.xz
mkdir jenga-gmp && cd jenga-gmp
```

Folda hii ya kando inaokoa muda mwingi. Ukitaka kuanza upya na vigezo vingine, unaifuta yote kwa `rm -rf` na chanzo kinabaki safi. Anayejenga ndani ya chanzo chenyewe kisha akabadilisha vigezo bila `make distclean` anachanganya faili za ujenzi wa jana na za leo, na makosa yanayotokea hayaeleweki.

Configure: maamuzi yote yako hapa

Amri ya msingi ni hii:

```
../gmp-6.3.0/configure --prefix=$HOME/opt/gmp-6.3.0 --enable-cxx
```

`--prefix` inasema maktaba itakaa wapi. Usipoitaja, itakwenda `/usr/local`. Pendekezo letu ni kuanzia nyumbani kwako, kwenye folda yenye namba ya toleo. Sababu yake inaelezwa kwenye sehemu ya kusakinisha. `--enable-cxx` inaongeza maktaba ya pili, `libgmpxx`, kwa wanaoandika C++. Kama unaandika C peke yake, iache.

Mwishoni `configure` huchapa muhtasari. Usome wote:

```
  Version:           GNU MP 6.3.0
  Host type:         skylake-pc-linux-gnu
  ABI:               64
  Install prefix:    /home/jina/opt/gmp-6.3.0
  Compiler:          gcc
  Static libraries:  yes
  Shared libraries:  yes
```

Mstari wa `Host type` ndio wenye uzito. Maktaba nyingi zingeandika `x86_64` zikaishia hapo. GMP inachunguza prosesa yenyewe, inatambua kama ni Haswell, Skylake au Zen 2, kisha inachagua msimbo wa asembli ulioandikwa mahususi kwa ajili ya prosesa hiyo. Kasi ya GMP inatoka hapo, na tatizo lake maarufu linatoka hapohapo. Ukiijenga kwenye kompyuta mpya ukainakili kwenye ya zamani, programu inaweza kufa papo hapo kwa `Illegal instruction`, kwa kuwa prosesa ya zamani haina maagizo yaliyotumika. Maabara nyingi za vyuo na shule zetu zina mashine zilizonunuliwa kwa awamu, mpya kwa mitumba, kwa hiyo hili litakukuta mapema. Dawa yake ni kigezo hiki:

```
../gmp-6.3.0/configure --prefix=$HOME/opt/gmp-6.3.0 --enable-fat
```

`--enable-fat` inaweka ndani ya maktaba moja msimbo wa aina nyingi za prosesa za x86 (za Intel na AMD), kisha maktaba inachagua ulio sahihi programu inapoanza kukimbia. Faili inanenepa kidogo, na kasi inayopotea ni ndogo. Kwa maktaba itakayosambazwa kwenye mashine zaidi ya moja, usijenge kwa namna nyingine. Kumbuka tu kwamba ni ya x86 pekee. Kwa ARM taja `--host`, kwa mfano `--host=aarch64-linux-gnu`, ukiwa na kompaila ya kujengea mashine hiyo.

Mashine za mtandaoni za kukodi zina mtego unaofanana na huo. Mwenyeji anaweza kuficha baadhi ya uwezo wa prosesa, `configure` ikaona jina la prosesa kubwa lakini maagizo yake yamezuiwa. Hapo pia `--enable-fat` ndiyo njia ya kwanza ya kujaribu.

*GCC 15 na kuendelea.* Andika `gcc --version`. Ikiwa ni 15 au zaidi, GMP 6.3.0 itakataa kujengwa kwa ujumbe unaopotosha kabisa:

```
configure: error: could not find a working compiler, see config.log for details
```

Juu yake kidogo utaona `long long reliability test 1`. Kompaila yako ni nzima. Kilichobadilika ni kwamba GCC 15 inafuata kanuni za C23, toleo jipya la lugha ya C, usipoiambia vingine, na katika C23 mabano matupu kwenye `void g(){}` yanamaanisha kwamba fanksheni haipokei kitu chochote. Jaribio lililo ndani ya `configure` limeandikwa kwa desturi ya zamani: linatangaza fanksheni yenye mabano matupu kisha linaiita kwa kuipa vitu. Kompaila inalikataa, na `configure` inahitimisha kwamba kompaila ndiyo mbovu. Irudishe kompaila kwenye kanuni za awali:

```
../gmp-6.3.0/configure CC="gcc -std=gnu17" ABI=64 --prefix=$HOME/opt/gmp-6.3.0
```

Tumetumia `CC` kwa makusudi badala ya `CFLAGS`. Ukiandika `CFLAGS` zako, unafuta zile ambazo GMP ingejichagulia kwa prosesa yako, na wengi hupoteza kasi hivyo bila kujua. `ABI=64` imetajwa ili kusiwe na shaka iwapo ni biti 32 au 64, kwani GMP inaweza kujengwa kwa zote mbili kwenye mashine moja.

`configure` ikikataa kwa sababu nyingine yoyote, jibu liko kwenye `config.log`. Usianzie mwisho wa faili hiyo, kwa kuwa mwisho wake ni orodha ndefu ya thamani za vigezo. Tafuta jina la jaribio lililoshindwa, kisha soma mistari inayolifuata. Pale utaukuta ujumbe halisi wa kompaila.

Kujenga, kisha kupima

```
make -j$(nproc)
```

`nproc` inahesabu viini vya prosesa ili kazi zigawanywe. Utaona mistari mingi ikipita, na kila faili ya C ikijengwa mara mbili: mara moja kwa ajili ya `libgmp.so` na mara moja kwa ajili ya `libgmp.a`. Kama hutahitaji ile ya pili, `--disable-static` wakati wa `configure` inapunguza karibu nusu ya kazi.

Sasa hatua ambayo wengi huiruka:

```
set -o pipefail
make -j$(nproc) check 2>&1 | tee check.log
grep -E '^# (PASS|FAIL|ERROR):' check.log
```

Bila `pipefail`, kushindwa kwa `make` kunafichwa na `tee`, ambayo yenyewe humaliza salama siku zote. `grep` itatoa vikundi kadhaa vya mistari, kwa sababu kila folda ya majaribio ina hesabu yake: ya `mpn`, ya `mpz`, ya `mpq` na kadhalika. Kila `FAIL` na kila `ERROR` lazima iwe 0. Hakuna idadi ndogo inayokubalika.

Maktaba nyingine zinaweza kuvumilia mtu anayeruka majaribio, lakini GMP haivumilii. Waandishi wake wanalisisitiza hili hata ndani ya `make install` yenyewe, ambayo huchapa onyo kwenye kisanduku kukukumbusha kupima, wakieleza kwamba GMP imeshagundua kasoro za kompaila mara kadhaa. Inagusa pembe za kompaila ambazo programu za kawaida hazifiki, pamoja na asembli iliyoandikwa kwa mkono.

Jaribio likishindwa, tafuta kwanza upande wa tatizo. Rudia `make check`. Kama safari hii linashindwa jaribio jingine, au hakuna linaloshindwa, shuku vifaa: RAM mbovu au prosesa inayochemka. Majaribio ya GMP yanaisumbua prosesa kiasi cha kuonyesha udhaifu ambao matumizi ya kawaida hayauonyeshi. Kama linashindwa lilelile kila mara, jenga upya kwenye folda mpya ukiongeza `--disable-assembly`. Likipita, tatizo liko kwenye asembli iliyochaguliwa kwa prosesa yako, na `--enable-fat` au `--host` tofauti huenda ikatibu. Likishindwa bado, mtuhumiwa ni kompaila: jaribu toleo jingine la GCC, au Clang. Katika hali yoyote ile, usisakinishe.

Anayetaka kupima zaidi anaweza kuendesha `GMP_CHECK_RANDOMIZE=1 make check`. Kwa kawaida majaribio hutumia namba zilezile za nasibu kila mara; kigezo hiki huzibadilisha, na ikitokea kasoro kinakuchapia mbegu ya kuirudia.

Kusakinisha, na kwa nini si `/usr/local`

```
make install
```

Hakuna `sudo`, maana tunaandika ndani ya nyumba yetu wenyewe. Baada ya hapo:

```
ls $HOME/opt/gmp-6.3.0/lib
```

Utaona `libgmp.a`, `libgmp.la`, `libgmp.so`, `libgmp.so.10`, `libgmp.so.10.5.0` na folda ya `pkgconfig` (pamoja na faili za `libgmpxx` kama ulitumia `--enable-cxx`). Faili halisi ni `libgmp.so.10.5.0`, nyingine mbili za `.so` ni viungo vinavyoielekea. `libgmp.so` hutumika wakati wa kuunganisha programu, na `libgmp.so.10` hutafutwa programu inapoanza kukimbia. Tofauti hiyo ikumbuke.

Sasa sababu ya kukwepa `/usr/local`. Kwenye Debian na Ubuntu, `/usr/local/lib` hutazamwa kabla ya folda ya maktaba za mfumo. GMP ya mfumo nayo inaitwa `libgmp.so.10`. Ukisakinisha yako pale na kuendesha `ldconfig`, amri inayosasisha orodha ya maktaba za mfumo, basi kila programu ya mfumo inayohitaji GMP itaanza kutumia ya kwako, ikiwemo GCC na maktaba ya GnuTLS. Ikiwa uliijenga vibaya, au kwa prosesa isiyo hii, GCC yenyewe itaanza kufa, na huwezi kujenga maktaba nzuri kwa kompaila iliyokufa. Ukiwa umeshaingia kwenye shimo hilo, futa `/usr/local/lib/libgmp*` kwa `sudo rm` kisha endesha `sudo ldconfig`. Mfumo utairudia nakala yake.

Ukiwa msimamizi wa seva na una sababu ya kweli ya kuiweka kwa watumiaji wote, ni `sudo make install` ikifuatiwa na `sudo ldconfig`, baada ya majaribio yote kupita. Tumia `sudo` kwenye hatua hizo mbili tu. Anayeendesha `sudo make` tangu mwanzo anajikuta na folda ya kujengea iliyojaa faili za `root` asizoweza kuzifuta. Kwenye Fedora na jamaa zake, `/usr/local/lib` kwa kawaida haimo kwenye orodha ya utafutaji, basi iongeze:

```
echo /usr/local/lib | sudo tee /etc/ld.so.conf.d/local.conf
sudo ldconfig
```

Programu ya kujaribia

Andika faili `jaribu.c`:

```c
#include <stdio.h>
#include <gmp.h>

int main(void)
{
    mpz_t n;
    mpz_init(n);
    mpz_fac_ui(n, 100);
    gmp_printf("%Zd\n", n);
    printf("gmp.h:   %d.%d.%d\n", __GNU_MP_VERSION,
           __GNU_MP_VERSION_MINOR, __GNU_MP_VERSION_PATCHLEVEL);
    printf("maktaba: %s\n", gmp_version);
    mpz_clear(n);
    return 0;
}
```

Weka `stdio.h` juu ya `gmp.h`. Fanksheni za GMP zinazopokea `FILE *`, kama `mpz_out_str`, hutangazwa pale tu `stdio.h` inapotangulia.

```
G=$HOME/opt/gmp-6.3.0
gcc jaribu.c -I$G/include -L$G/lib -Wl,-rpath,$G/lib -lgmp -o jaribu
./jaribu
```

Mstari wa kwanza ni zao la namba zote kutoka 1 hadi 100: tarakimu 158, zinazoanza na 93326215443944 na kuishia na sufuri 24. Mistari miwili inayofuata lazima ilingane, yote 6.3.0. Ikitofautiana, umejenga kwa `gmp.h` ya nakala moja na unakimbia kwa maktaba ya nakala nyingine.

Maktaba inatafutwa mara tatu, kwa nyakati tatu tofauti, na kila utafutaji una kigezo chake na kosa lake. Ukijua ni upi ulioshindwa, hutahangaika.

Kompaila inatafuta `gmp.h` kupitia `-I`. Ikiikosa: `fatal error: gmp.h: No such file or directory`.

Kiunganishi kinatafuta `libgmp.so` au `libgmp.a` kupitia `-L`. Kikiikosa: `cannot find -lgmp`. Kikikupa `undefined reference to '__gmpz_init'`, basi ama umesahau `-lgmp`, ama umeiweka kabla ya `jaribu.c`. Kiunganishi kinasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na kwenye Ubuntu kinaitupa maktaba ambayo hakuna aliyeihitaji hadi hapo kilipofika. Maktaba zikae mwishoni. Wala usishangazwe na jina `__gmpz_init`: `gmp.h` hubadilisha `mpz_init` kuwa jina hilo ndani kwa ndani.

Tatu, programu inapoanza, kipakiaji cha mfumo kinatafuta `libgmp.so.10`. Hakijui lolote kuhusu `-L` uliyoandika wakati wa kujenga. Kikiikosa: `error while loading shared libraries: libgmp.so.10: cannot open shared object file`. Hatari zaidi ni pale kisipoikosa, kwa kuwa mfumo unayo yake yenye jina hilohilo. Programu inakimbia vizuri, wewe unaamini unatumia yako, kumbe unatumia ya mfumo. `-Wl,-rpath` ndiyo inayoandika njia ndani ya programu yenyewe. Hakikisha:

```
ldd ./jaribu | grep gmp
readelf -d ./jaribu | grep -E 'RPATH|RUNPATH'
```

`ldd` ikionyesha `/lib/x86_64-linux-gnu/libgmp.so.10`, hiyo si ya kwako.

Watu wengi hupendelea kuweka `LD_LIBRARY_PATH` ndani ya `.bashrc`. Inafanya kazi, ila inagusa kila programu unayoianzisha, GCC ikiwemo, kwa hiyo inakurudisha kwenye hatari ileile ya `/usr/local`. Itumie kwa amri moja tu unapojaribu kitu:

```
LD_LIBRARY_PATH=$G/lib ./programu
```

Njia nyingine ni kuifungia maktaba ndani ya programu, usihangaike na kipakiaji:

```
gcc jaribu.c -I$G/include $G/lib/libgmp.a -o jaribu
```

Inafaa sana kwa programu utakayoinakili kwenye mashine nyingine. Soma leseni kwanza ukitaka kuisambaza: GMP inatolewa chini ya LGPL toleo la 3 au GPL toleo la 2, kwa chaguo lako, na kuifungia ndani ya programu isiyo huru kunakuletea masharti ya ziada.

Kwa miradi yenye Makefile, usiandike njia hizi kwa mkono. GMP inasakinisha `gmp.pc`:

```
export PKG_CONFIG_PATH=$G/lib/pkgconfig
gcc jaribu.c $(pkg-config --cflags --libs gmp) -Wl,-rpath,$G/lib -o jaribu
```

`pkg-config` inatoa `-I` na `-L` lakini haitoi `rpath`, ndiyo maana tumeiongeza.

Maktaba nyingine juu ya hii

Hatua inayofuata kwa wengi ni MPFR, ya namba zenye desimali, ambayo imejengwa juu ya GMP. Vigezo ni vilevile, ukiongeza mahali GMP ilipo:

```
../mpfr-4.2.1/configure --prefix=$HOME/opt/mpfr-4.2.1 --with-gmp=$HOME/opt/gmp-6.3.0
```

Mtego wake uko kwenye `rpath`. Mifumo mingi ya leo huandika `RUNPATH`, nayo inahusu maktaba ambazo programu yako imezitaja moja kwa moja. Haiwasaidii wajukuu. Programu yako ikitaja MPFR pekee, na MPFR ikahitaji GMP, njia uliyoandika kwenye programu haitatumika kuitafuta GMP. Endesha `ldd` kwenye `libmpfr.so` yenyewe uone inaelekea wapi, na ukilazimika ijenge MPFR kwa `LDFLAGS="-Wl,-rpath,$HOME/opt/gmp-6.3.0/lib"`.

Kwa upande mwingine, kama mahitaji yako ni madogo, namba za tarakimu mia chache tu, huenda hukuhitaji kujenga chochote. Ndani ya kifurushi hichohicho kuna folda `mini-gmp` yenye `mini-gmp.c` na `mini-gmp.h`. Ziingize kwenye mradi wako kama faili nyingine za C. Zina fanksheni za msingi za `mpz`, yaani za namba nzima, zenye majina yaleyale, hazina asembli, na zinachelewa sana namba zikikua.

Kuondoa

Ukiwa bado na folda ya kujengea, `make uninstall` inaondoa kilichosakinishwa. Kwa mpangilio wa folda yenye namba ya toleo huihitaji: `rm -rf ~/opt/gmp-6.3.0` inatosha, na toleo jipya likitoka unaliweka kando yake, unalipima, kisha unajenga upya programu zako moja moja zikielekea kwake.